Maji Yaliyofichwa katika Unga

Waya wa umeme huvikwa ganda la plastiki, na plastiki nyingi hufanyizwa kwa mafuta ya petroli. Kwa hiyo waya ukipata joto kupita kiasi, ganda huweza kuwaka na kuiteketeza nyumba. Basi mafundi huchanganya ndani yake unga mweupe uitwao haidroksaidi ya alumini. Ukiushika ni mkavu kabisa, lakini joto lifikapo kadiri ya digrii 200 za sentigredi, hutoa maji, theluthi moja ya uzito wake! Kutoka kwa maji hayo hula joto, na mvuke wake huisukuma hewa mbali na ndimi za moto. Watu hupata nafasi ya kukimbia. Ila kidogo hakifai. Mara nyingi unga hupita nusu ya uzito wote, na plastiki huwa ngumu, haikunjiki vyema.