Kitabu cha Picha na Mazungumzo ya Vita na Watoto: Mfano wa Baraka

Kitabu cha picha si sawa na kitabu chenye picha. Katika aina ya pili maneno hujitosheleza, na picha ni pambo tu. Katika aina ya kwanza picha hubeba nusu ya hadithi, na pengine hadithi yote. Tofauti hii, ambayo aghalabu hupuuzwa, ndiyo inayokifanya kitabu cha picha kifae kuzungumzia vita na mtoto asiyetaka, au asiyeweza, kusema lililompata.

Mji wa Baraka, ulio kando ya Ziwa Tanganyika katika teritwari ya Fizi, unastahili kuchukuliwa kuwa mfano. Wazee wake waliuona uasi wa Simba wa mwaka 1964. Kizazi kilichofuata kilikimbia vita vya 1996 na vya 1998, wengi wakivuka ziwa hadi Kigoma na kuishia katika kambi za Nyarugusu na Lugufu. Oktoba 2005 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilianza kuwarejesha kwa meli, nao wakateremkia Baraka hapohapo. Hata hivyo mapigano hayakwisha katika milima ya Fizi, na Februari 2025 mji wa Bukavu uliingia mikononi mwa M23. Nomino "vita" haina umoja katika matumizi ya kawaida, jambo linalosadifu mno historia ya mahali hapa: mjukuu akimwuliza bibi yake juu ya vita, bibi hana budi kwanza kuamua ni vipi anavyoulizwa.

Swali la moja kwa moja, "Mlipokimbia, uliona nini?", humbana mtoto katika nafsi ya kwanza. Hutakiwa kusema "niliona", yaani kutoa ushahidi wa maisha yake mbele ya mtu mzima. Yamkini atanyamaza, au atatoa jibu analodhani linatarajiwa. Picha huligeuza swali likawa: "Huyu mtoto anatazama nini?" Sasa kiambishi ni a-, wala si ni-. Mtoto huweza kumvika huyo wa ukurasani hofu yake mwenyewe, kisha akipenda aseme "nasi tulikuwa hivyo", au asiseme kamwe. Mtu mzima anayekimbilia kuuliza "Na wewe je?" hurudisha mambo pale pale yalipokwama.

Mchoraji Mwitalia Roberto Innocenti, akishirikiana na mwandishi Christophe Gallaz, alilitumia jambo hili katika Rose Blanche, kitabu kilichotolewa mwaka 1985 juu ya msichana wa mji mdogo wa Ujerumani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mwanzoni msichana hujisimulia mwenyewe. Baadaye, kadiri kifo kinavyokaribia, masimulizi huhamia nafsi ya tatu. Kifo chenyewe hakichorwi. Toshi Maruki wa Japani, katika kitabu chake cha 1980 juu ya bomu la Hiroshima, alifuata njia iliyo kinyume: alichora moto na miili. Kwa msomaji aliye mbali na vita, ukali huo una faida yake. Kwa mtoto wa Baraka ni vigumu kuona unamfundisha nini asichokijua.

Jambo zito zaidi ni la mtenda. Kiswahili huruhusu kusema "baba yake aliuawa", na sentensi ikakamilika pasipo kumtaja muuaji. "Alikufa" huficha mno, na "walimuua" hudai kujua ni akina nani. Picha haina kauli ya kutendwa. Mchoraji ama humchora mwenye bunduki, ama humwacha nje ya ukurasa. Fizi ni nchi ya Wabembe, Wafuliiru, Wanyamulenge na wengineo, ambao baadhi yao wamepigana wao kwa wao. Ikiwa askari wa kitabuni atapewa sura ambayo watoto wamezoeshwa kuihusisha na majirani fulani, ukurasa mmoja utakuwa umewahukumu watu wote hao. Heri achorwe mlango uliovunjwa.

Picha isiyosema yote si picha dhaifu. Kati ya 1973 na 1974, mjini Lubumbashi, Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya nchi yake, vita vikiwamo, katika picha zaidi ya mia moja, akimweleza Johannes Fabian kila moja kwa Kiswahili cha Shaba. Mazungumzo hayo, yaliyochapishwa mwaka 1996, yanaonyesha jinsi picha ilivyohitaji kusemewa. Yalikuwa ya watu wazima, lakini njia ni ileile. Mwalimu asiye na kitabu chochote anaweza kuchora ubaoni ziwa usiku na mwanga mdogo juu ya maji: mtoto mmoja atasema ni taa za wavuvi wa ndagala, mwingine atasema ni mtumbwi wa watu wanaokimbia. Wote wawili wamesoma sawasawa.

Hapo ndipo mwalimu wa lugha hukosea kwa urahisi. Mtoto anayesimulia kwa Kiswahili cha nyumbani husema "tulikimbiaka usiku", na kiambishi hicho -aka ndicho kinachoyaweka mambo katika wakati uliopita wa simulizi lake. Mwalimu akimkatiza ili aseme "tulikimbia", mtoto atarudia neno lililosahihishwa, naye hataendelea kueleza walikimbilia wapi.