Mpira wa Nyumbani Humfuata Mwanafunzi Ng'ambo

MZAZI anapomsindikiza mwanawe hadi uwanja wa ndege aende kusomea ng'ambo, humwusia mengi. Humtaka asome kwa bidii, ajihadhari na baridi na asiwasahau wa kwao. Ni nadra kumsikia akimwusia kuhusu mpira. Ilhali kwa kijana aliyezoea kuishangilia Harambee Stars pamoja na ndugu na majirani, kandanda ni miongoni mwa mambo ya kwanza atakayoyakosa huko ugenini.

Zamani hali ilikuwa ngumu zaidi. Mnamo Desemba 5, 1987, Gor Mahia ilitoka sare ya 1-1 na Esperance ya Tunisia uwanjani Kasarani na kunyakua Kombe la Mandela kwa mabao ya ugenini, kwani mechi ya kwanza mjini Tunis ilikuwa imeishia 2-2. Enzi hizo, waliokuwa nyumbani walikuwa na redio na sauti za watangazaji kama Leonard Mambo Mbotela, aliyeaga dunia Februari 2025. Mkenya aliyekuwa akisoma Ulaya au Marekani alitegemea redio ya masafa mafupi, la sivyo angojee barua.

Siku hizi simu ya mkononi imeondoa ngoja-ngoja hiyo. Agosti 10, 2025, katika mashindano ya CHAN, Ryan Ogam alipoifungia Kenya bao lililoizima Morocco 1-0 uwanjani Kasarani, aliye ng'ambo aliweza kushangilia dakika ile ile na walio nyumbani. Vilevile alitetemeka pamoja nao kipindi chote cha pili, Kenya ikicheza na watu kumi.

Kilichobaki ni tatizo la saa. Mechi inayoanza saa tisa alasiri Nairobi mwezi wa Agosti, London huwa ni saa saba mchana, New York saa mbili asubuhi na Los Angeles saa kumi na moja alfajiri. Ikianza saa mbili usiku hapa kwetu, aliye Sydney ataitazama kuanzia saa tisa za usiku, na huenda asubuhi ana mtihani. Njia mbili zilimshinda fisi.

Heri basi mwanafunzi aiweke ratiba ya mechi kando ya ratiba ya masomo mapema, achague mechi chache asizoweza kuzikosa na zile nyingine aridhike na marudio. Akumbuke pia kwamba Kenya haibadilishi saa zake, lakini Uingereza na sehemu kubwa ya Marekani hubadilisha mara mbili kwa mwaka. Isitoshe, haki za kuonyesha mechi huuzwa nchi kwa nchi, na kituo kinachoonekana Kenya huenda kisipatikane huko. Aulize mapema, asije akahangaika kipenga kikishalia.

La muhimu zaidi, asitazame peke yake. Agosti 22, 2025, Kenya ilibanduliwa na Madagascar kwa mikwaju ya penalti baada ya sare ya 1-1. Walio nyumbani waliliwazana. Lakini kijana aliye peke yake chumbani, katika mji ambao hakuna hata anayejua kwamba Kenya imecheza, atamlilia nani? Wenzake kutoka Kenya, na hata majirani zetu wa Tanzania na Uganda, ndio watakaomwelewa bila maelezo marefu.

Hapa ndipo wazazi nao wana kazi. Wengi hupiga simu kuuliza juu ya karo na alama, na kijana hujibu kwa mkato kwamba yote ni salama. Jaribu kumpigia mara tu mechi inapokwisha. Baba asiyejua aanzie wapi kumwuliza mwanawe kama ana upweke, hatashindwa kumwuliza kama aliiona ile penalti. Wakishaanza kulaumu kipa na refa, mengine yatajitokeza yenyewe.

Kenya, Tanzania na Uganda zilikabidhiwa jukumu la kuandaa kwa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Ikiwa una mwana au binti ng'ambo, kubalianeni mapema saa za kupigiana simu.