ISTILAHI ZA UJENZI KATIKA MSIKITI MKUU WA KILWA

Magofu ya Kilwa Kisiwani, pamoja na yale ya Songo Mnara, yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mfasiri aletaye maelezo ya magofu hayo katika Kiswahili mara nyingi huzikusanya sehemu nyingi za jengo chini ya neno moja, "mapambo". Hivyo mgeni huonyeshwa jengo bila ya kuelezwa lilivyojengwa.

Kwanza, mihrabu. Hiki ni kidaka kikubwa katika ukuta wa upande wa kibla, mbele yake imamu huongoza sala. Kibla ni mwelekeo. Mihrabu ni sehemu ya ukuta. Mimbari ni jukwaa lenye ngazi la kutolea hotuba. Kuiita mihrabu "madhabahu" ni kupotosha, kwani madhabahu ni mahali pa kutolea dhabihu, na msikitini hapana mahali pa namna hiyo.

Pili, paa. Sehemu ya kaskazini ya Msikiti Mkuu, iliyo kongwe zaidi, ilikuwa na paa bapa. Sehemu ya kusini, iliyoongezwa baadaye, ina nguzo za pembe nane zibebazo matao, na juu yake mapaa ya namna mbili. Moja ni kuba, mfano wa bakuli lililofudikizwa. Jingine ni tao lililorefushwa, mfano wa pipa lililopasuliwa kwa urefu wake na kulazwa. Yote mawili yakiitwa "kuba", tofauti hupotea. Kwa hili la pili twapendekeza "paa la tao": mwashi huyajua maneno yote mawili, na maana yake hujieleza.

Tatu, nakshi. Jiwe la tumbawe likitoka baharini huwa laini; fundi hulichonga mapema, nalo huwa gumu likikauka. Kazi hiyo ni nakshi, kwa kuwa hufanywa juu ya jiwe lenyewe. Lakini bakuli za kauri zilizopachikwa darini katika msikiti mdogo wa makuba, kisiwani humo humo, ni mapambo.

Maneno haya yamo vinywani mwa waashi na wachongaji wa pwani. Yafaa basi mfasiri awaulize hao kabla ya kukopa neno au kubuni jipya.