Lugha ya Utawala na Mafunzo ya Watawala wa Vyuo: Mifano kutoka Dodoma

Makala haya yahusu jambo ambalo wanaisimu hawalitazami sana, nalo ni mafunzo ya watu wanaoendesha vyuo: makamu wakuu wa vyuo, marasi, maamidi, wakuu wa idara, wasajili na maofisa wa utawala. Habari za mafunzo haya aghalabu huachiwa wataalamu wa uongozi na wa fedha. Nakusudia kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya ugumu wake ni ugumu wa lugha, na kwamba ugumu huo hauondoki kwa kuongeza siku za semina. Mifano mingi naichukua Dodoma, kwa sababu huko vyuo vya namna mbalimbali vimekaa jirani, na Serikali yenyewe imehamia katikati yao.

Dodoma ilichaguliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, lakini kwa muda mrefu haikuwa mji wa vyuo vikuu. Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1980. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007, kikaanzia katika jengo la Chimwaga lililokuwa la mikutano ya Chama cha Mapinduzi, kikiwa na shabaha ya kufikia wanafunzi 40,000. Mwaka huo huo kikaanza Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, mahali palipokuwa Shule ya Sekondari ya Mazengo, iliyobeba jina la mtemi mashuhuri wa Wagogo. Chuo kinachokua kwa kasi ya namna hiyo chahitaji watawala wengi kwa mara moja, na hakina pa kuwatoa ila darasani. Mhadhiri wa kemia au wa historia huteuliwa kuwa mkuu wa idara, na siku ya kwanza hukuta mezani bajeti, maombi ya likizo na malalamiko ya matokeo ya mitihani, mambo ambayo shahada yake ya uzamivu haikumfundisha hata moja.

Nani amfundishe? Mkuu wa shule anao Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, Bagamoyo, uliorithi mwaka 2001 kazi ya chuo cha zamani cha MANTEP. Mtumishi wa wizara anacho Chuo cha Utumishi wa Umma, kilichoanzishwa mwaka 2000. Ofisa wa halmashauri anacho Chuo cha Serikali za Mitaa, Hombolo. Mtawala wa chuo kikuu hana chuo chake mwenyewe. Hupata mafunzo ya siku chache yanayoandaliwa na Tume ya Vyuo Vikuu au na chuo anachofanyia kazi. Na mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, ulioidhinishwa mwaka 2021 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola za Marekani milioni 425, ulitenga pia fungu la kuwaendeleza watumishi. Si haki kuyadharau mafunzo hayo. Lakini vitabu vyake vingi vimetungwa kwa Kiingereza, kwa ajili ya vyuo vya Uingereza na Marekani, na mafunzo yenyewe hufanyika aghalabu katika Kiingereza kilichochanganywa na Kiswahili cha mapumziko ya chai. Mtu hurudi ofisini na cheti, kisha hulazimika kufasiri peke yake, mbele ya mgeni aliyesimama mlangoni.

Tuanze na vyeo, maana ndivyo mgeni anavyokutana navyo kwanza. Katika Chuo cha Mipango, na kule Hombolo pia, mkuu wa chuo ndiye mtendaji mwenyewe: hutia sahihi, huajiri, huitisha vikao. Katika chuo kikuu cha umma, mkuu wa chuo ni mtu mwenye heshima kubwa anayeteuliwa na Rais wa nchi, naye hutunuku shahada siku ya mahafali, lakini hagusi kazi za kila siku. Benjamin Mkapa alikuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Dodoma hadi alipofariki mwaka 2020, wala hakuna aliyetazamia kumkuta ofisini akigawa vyumba vya mabweni. Anayekiongoza chuo ni makamu mkuu wa chuo. Basi tuseme mzee mmoja ametoka Kondoa kufuatilia habari za mwanawe, akafika mapokezi:

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Nataka kumwona mkuu wa chuo.”

“Mkuu wa chuo hakai hapa, mzee wangu. Labda makamu.”

“Makamu ataweza kuamua? Nisije nikaambiwa nimsubiri mwenyewe.”

Mzee huyu hakukosa hata kidogo. Katika Kiswahili chake, na katika Kiswahili cha Katiba, makamu ni msaidizi wa mkubwa. Kosa limo katika tafsiri: cheo cha Kiingereza kilifasiriwa neno kwa neno, pamoja na unyenyekevu wake wa kale uliokwisha kupoteza maana huko huko Ulaya, na tukapata mtawala mkuu anayeitwa msaidizi, ambaye naye ana wasaidizi waitwao naibu makamu mkuu wa chuo. Watungaji wa baadaye walifanya vizuri zaidi. Rasi, yaani mkuu wa ndaki, na amidi ni maneno ya Kiarabu yaliyopewa kazi mpya, na hayagongani na cheo kingine. Hata hivyo kwa mtu wa pwani rasi ni ncha ya nchi iliyoingia baharini, na ndaki kwa sikio la wengi iko karibu mno na handaki. Sina ugomvi na maneno hayo, kwani neno geni huzoeleka likitumiwa. Nasema tu kwamba sijaona ratiba ya mafunzo ya watawala iliyotenga hata saa moja ya kuwaeleza washiriki majina ya vyeo vyao wenyewe, na jinsi ya kumweleza mzee wa Kondoa pasipo kumfedhehesha.

Vyeo ni jambo jepesi. Zito ni neno utawala lenyewe. Asili yake ni kitenzi tawala, kutoka Kiarabu, chenye maana ya kushika madaraka juu ya watu. Ndiyo maana twasema utawala wa Mjerumani na utawala wa Mwingereza. Neno hilo hilo ndilo jina la kazi za ofisi: Idara ya Utawala na Rasilimali Watu. Tena ndilo lililochukuliwa kueleza namna njema ya kuongoza taasisi, nayo ikaitwa utawala bora. Jina la ofisi moja ya Serikali laonyesha msongamano huu kwa uwazi: Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora. Hapo menejimenti imeazimwa kwa sababu utawala ulikwisha kubebeshwa mizigo mingine.

Msomaji aweza kuuliza, kuna madhara gani? Yapo, na ni makubwa. Somo la kwanza katika mafunzo ya namna hii duniani kote ni kutofautisha kazi ya baraza la chuo, linaloweka mwelekeo na kudai hesabu, na kazi ya ofisi, inayotekeleza. Katika Kiingereza kazi hizi zina majina mawili, na mwanafunzi mvivu huweza kuzitofautisha kwa kukariri. Katika Kiswahili zote mbili huitwa utawala. Mjumbe wa baraza aliyeambiwa kwamba kazi yake ni utawala ana haki ya kudhani kwamba amepewa ruhusa ya kuchagua dereva wa gari la chuo. Na amidi aliyeambiwa kwamba yeye ni mtawala ana haki ya kudhani kwamba amekabidhiwa watu. Migogoro mingi ya vyuo huanzia katika mpaka huu, na lugha haikuuchora.

Kwa maoni yangu dawa haiko katika kutunga neno jipya. Maneno tunayo: kuongoza, kusimamia, kuendesha, kutumikia. Mwenye kusimamia husimama juu ya kazi ya mwingine na kuitazama. Mwenye kuendesha huifanya iende. Baraza lisimamie, ofisi iendeshe. Ni tofauti ambayo Kiswahili chaweza kuieleza kwa viambishi vyake chenyewe, nayo hueleweka mara moja kwa mtu yeyote aliyekizoea. Wagogo nao, kama jirani zao Wanyamwezi, walimwita mkuu wao mtemi, jina ambalo wengi hulihusisha na kitenzi cha kukata. Na katika Kiswahili twasema kukata shauri. Mkuu wa idara ambaye hukaa na jalada miezi mitatu pasipo kukata shauri hakosi nadharia ya uongozi. Amekosa kuelewa jina la kazi yake.

Kwa kuwa tumefika Ugogo, niruhusiwe kutoka njiani kidogo. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kwenda Unyamwezi ilipita katika nchi hii kavu, na watemi wa Ugogo walitoza hongo, yaani ushuru wa kupita na kutumia maji. Ilikuwa tozo ya wazi, iliyojadiliwa mchana mbele ya watu. Wapagazi wa misafara hiyo nao walipewa posho, chakula cha siku. Leo hongo ni malipo ya siri yaliyokatazwa na sheria, na posho ni fedha anayopewa ofisa kwa kuhudhuria kikao. Maneno mawili ya njia moja yamegeuka maana, moja likishuka na jingine likipanda. Neno semina limeanza kufuata nyayo za posho: kwa watumishi wengi lamaanisha malipo kabla ya kumaanisha mafunzo, na mwandaaji asiyelijua hilo hashangai bure anapoona ukumbi umejaa siku ya kwanza na siku ya mwisho tu.

Habari hii ya maana inayogeuka si mchezo wa kamusi. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, katika kifungu cha 25, yafanya kuwa kosa mwenye mamlaka kudai upendeleo wa kingono ili atoe kile ambacho mtu anastahili. Kabla ya usemi rushwa ya ngono kuenea, msichana aliyetakiwa hivyo na mwenye kumsahihishia mtihani alikuwa na maneno ya aibu tu, ambayo yalimlaumu yeye. Sasa analo jina la kosa, na jina hilo lamtaja mkosaji. Mshauri wa wanafunzi anayepokea malalamiko hayo apaswa kufundishwa jinsi ya kuyaandika kwa Kiswahili sahihi, kwa maneno ya mlalamikaji mwenyewe, kwa sababu maelezo yaliyofasiriwa haraka kwa Kiingereza cha ofisi huweza kuanguka mbele ya kamati ya nidhamu.

Ofisi za umma, kwa upande wao, zina hazina kubwa ya istilahi ambayo vyuo vikuu havijaitumia. Masjala, jalada, waraka, dokezo sabili, yatokanayo: kila moja ni neno zima, lenye kazi moja inayojulikana. Si kila jaribio lilifaulu. Mfumo wa kupima utendaji wa watumishi ulioletwa mwaka 2004 ulipewa jina la Kiswahili, Mfumo wa Wazi wa Mapitio na Tathmini ya Utendaji Kazi, ukafupishwa MWAMTUKA. Lakini watu wakashika kifupisho cha Kiingereza, OPRAS, mpaka mfumo wenyewe ulipobadilishwa. Jina lilikuja nyuma ya fomu, na fomu zilikwisha kufundishwa kwa jina jingine. Wanafunzi wana bidii zaidi kuliko Serikali katika jambo hili. Fedha ya kujikimu wanayopata kutoka Bodi ya Mikopo huiita bumu; mtihani wa marudio ni sapu; kuondolewa masomoni ni kudisko. Barua ya Kiingereza humfikia kijana kutoka Mpwapwa, naye huipigia simu nyumbani akisema amedisko, na mama yake hajui kama mtoto amefukuzwa, amesimamishwa au ana nafasi ya kukata rufaa. Kati ya barua ile na mama yule hapakuwapo mtu aliyefundishwa kusema jambo lenyewe waziwazi, na siku za rufaa zaendelea kuhesabiwa.

Tangu mwaka 2016, Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa nguvu, na wizara kadhaa zikakaa kwa muda katika majengo ya chuo kikuu kabla ya kwenda Mtumba, hali imekuwa dhahiri zaidi. Msajili hupokea asubuhi waraka wa wizara kwa Kiswahili, na mchana huandika taarifa ya seneti kwa Kiingereza. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria na ya mahakama. Chuo kitakachoshtakiwa na mwanafunzi wake kitajitetea kwa Kiswahili, kwa kumbukumbu za vikao zilizoandikwa kwa lugha nyingine.

Kwa hiyo ningependekeza mafunzo yaanzie kwenye jalada. Washiriki wapewe barua halisi zilizofutwa majina: ya kumwondoa mwanafunzi, ya kumwonya mtumishi, ya kumjibu mzazi; waziandike upya kwa Kiswahili, wazisome kwa sauti, kisha mtu asiye wa chuo aulizwe ameelewa nini. Muhtasari wa kikao kimoja uandikwe na washiriki kumi, na zile nakala kumi zilinganishwe. Tofauti zake zitafundisha zaidi ya mhadhara. Kazi ya taasisi kama yetu, pamoja na Baraza la Kiswahili la Taifa, ni kutoa kwanza tafsiri moja ya hati idhini na ya kanuni za mitihani, yenye istilahi zilizokubaliwa na vyuo vyote, ili neno lile lile lisitafsiriwe kwa namna tatu katika mji mmoja. Ningeanza na kifungu cha rufaa.