Je, wajua? Nukta haijui kuwa ni sangara

Ukipita Nyegezi, kando ya Ziwa Victoria, kwa daladala ya Buhongwa unaingia Mkolani, ambako nyumba na mawe vinagombania vilima vilevile na mawe yanaelekea kushinda. Mpwa wangu amepanga chumba huko. Anasomea mambo ya uvuvi, na jioni moja alinigeuzia kompyuta yake nione kazi ya miezi mitatu: nukta mia kadhaa za bluu kwenye uwanja mweupe, zimeanzia chini kushoto zikapanda kwenda juu kulia.

"Mjomba, unaona nini?"

"Naona nzi kwenye shuka."

Alicheka, lakini sikuwa nimemwonea. Chini ya picha kulikuwa na namba: 0, 20, 40, mpaka 120. Kushoto namba nyingine: 0, 5, 10, 15, 20. Neno hata moja hapakuwa. Zile nukta zingeweza kuwa sangara, kama alivyodai, na zingeweza pia kuwa bei za mahindi.

Picha ya namna hii huitwa grafu ya nukta, wengine husema ya mtawanyiko. Kila nukta ni kitu kimoja kilichopimwa mara mbili. Hapa ni samaki mmoja: urefu wake unasomwa kwenye mhimili wa chini, uzito wake kwenye mhimili wa pembeni. Mwanafalaki Mwingereza John Herschel alichora moja mwaka 1833 akifuatilia nyota pacha, miaka ikiwa mhimili mmoja na pembe ya nyota mhimili wa pili, na wanahistoria wa takwimu huihesabu miongoni mwa za kwanza kabisa. Herschel alichora kwa mkono, kwa hiyo hakuweza kusahau alichokuwa anapima. Kompyuta haina cha kusahau, kwa sababu haikujua tangu mwanzo.

Na programu hazifanani tabia. Mpwa wangu anatumia Matplotlib, iliyoandikwa kwa lugha ya Python na John Hunter, mtafiti wa ubongo wa huko Marekani aliyetaka kutazama mawimbi ya umeme kutoka vichwa vya wagonjwa wa kifafa. Aliitoa kwa umma mwaka 2003 na akafariki mwaka 2012. Ukiiamuru Matplotlib ichore nukta, itazichora, itapanga namba za mihimili yenyewe, halafu itanyamaza. Lebo haiweki mpaka uiambie. Pandas, ambayo huitumia Matplotlib kwa ndani, huchukua jina la safu kwenye jedwali lako na kulibandika vilevile lilivyo. Ggplot2, ya watumiaji wa lugha ya R, nayo hufanya hivyo. Ndiyo maana utakutana na ripoti nzito, yenye jalada la rangi, ambayo mhimili wake umeandikwa "ur_sm_2". Mimi, kati ya anayenyamaza na anayebandika, nampenda anayenyamaza. Anayebandika "ur_sm_2" anakudanganya kwamba kazi imekwisha.

Kuiambia Matplotlib ni mstari mmoja tu:

ax.set_xlabel("Urefu, sm")

Mpwa wangu aliuandika, na wa uzito akauandika, akaketi vizuri. Nikamuuliza: urefu upi?

Hapo ndipo mazungumzo yalipoacha kuwa ya kompyuta. Samaki ana zaidi ya urefu mmoja. Kuna urefu wa jumla, toka ncha ya mdomo mpaka mwisho wa mkia. Kuna urefu usiohesabu pezi la mkia, unaokomea pale uti wa mgongo unapoishia. Wanasayansi hutumia vyote viwili, kila kimoja kwa sababu zake. Mkia wa samaki aliyekaa ndani ya wavu au chini ya miguu ya wapagazi hutoka umechanika, na mkia uliochanika haupimiki. Lakini kipimo kilichowekwa kwa sangara wa Ziwa Victoria, wasivuliwe walio chini ya sentimita 50, ni cha urefu wa jumla. Sangara anayetimiza 50 hasa pamoja na mkia wake, ukimpima bila mkia anashuka chini ya mstari na anakuwa mtoto wa kukamatiwa na doria. Ni samaki yuleyule, na tofauti iko kwenye rula tu.

Mpwa wangu alinyamaza kidogo, kisha akafungua daftari. Walipima wawili, yeye na mwenzake, kila mtu kwenye mwalo wake. Yeye alihesabu mkia. Mwenzake hakuhesabu. Nukta zote zilikuwa zimemwagwa kwenye picha moja na zilipendeza kabisa. Zile za mwenzake zilikuwa zimesogea kushoto kidogo, na macho yalizipokea kama unene wa kawaida wa wingu. Programu haikulalamika. Ingelalamikia nini? Ilipewa namba, ikachora namba. Swali fupi la lebo ndilo lililofichua kosa, kwa kuwa hakuna lebo moja ambayo ingekuwa kweli kwa nukta zote.

Uzito nao una mtego wake. Andika gramu au andika kilo, umbo la picha ni lilelile, kwa sababu programu hunyoosha mhimili mpaka nukta zijae uwanja. Hesabu ya wanasayansi inasema uzito wa samaki hukaribia kufuata urefu kwa kipeo cha tatu: urefu ukiongezeka mara 2, uzito huongezeka kama mara 8. Ndiyo maana nukta za mpwa wangu zilianza taratibu kisha zikajipinda kwenda juu. Ukibadilisha kilo kuwa gramu, kile kipeo hakitikisiki hata kidogo. Inayobadilika ni namba ya kuzidishia, na inabadilika mara 1,000. Anayesoma kipeo peke yake hatajua. Anayenakili hesabu yako ili akadirie mzigo wa mtumbwi atajua, na atajua kwa njia mbaya.

Ili ule upinde unyooke, watafiti huweka mihimili ya logi, ambayo hatua sawa zina maana ya kuzidisha badala ya kujumlisha. Mpwa wangu alipoiweka, nukta zikajipanga kama wanafunzi kwenye paredi. Lakini Matplotlib ikaandika namba za chini kwa mtindo wake: 10 yenye kipeo cha 1, kisha 10 yenye kipeo cha 2. Basi. Nenda sokoni Mwaloni Kirumba ukaulize sangara wa kumi kipeo cha pili uone utakavyotazamwa. Tiba ipo: unataja mwenyewe sehemu za kuweka alama, 10, 20, 50, 100, kwa set_xticks, na maandishi yake kwa set_xticklabels. Mhimili unabaki wa logi, msomaji anabaki na sentimita.

Kuna pia matatizo ambayo waandishi wa programu hizi hawakuyaota, maana hawakuzaliwa na Kiswahili. Katika Python, maneno hufungwa kwa alama za kunukuu, moja moja au mbili mbili. Mtu wa Kanda ya Ziwa akitaka kuchora mzingo wa kifua cha ng'ombe dhidi ya uzito wake, akafunga lebo kwa alama moja moja, programu inafika kwenye ile alama ya ng' na kuamini sentensi imeishia hapo. Inayobaki, "ombe", inaiona uchafu, na kazi nzima inakataa. Funga kwa alama mbili mbili, ng'ombe anapita. Nyang'hwale ya kule Geita itakufanyia vilevile.

Kubwa kuliko yote ni saa. Mpwa wangu alikuwa na grafu ya pili, ya dagaa: saa ambayo mtumbwi umerudi mwaloni, dhidi ya idadi ya ndoo. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo mhimili wa chini ulikimbia toka 22:00 mpaka 07:00. Lakini mvuvi yupi alikwambia amerudi 22:00? Akikwambia saa kumi, ni alfajiri, na kompyuta inaiita 04:00. Tafsiri hii tunaifanya kichwani mchana kutwa bila kuitambua, tofauti ya saa 6, na ndiyo maana inafaa kukabidhiwa mashine. Matplotlib ina chombo kiitwacho FuncFormatter: unakipa kanuni, nacho kinaipitisha kwenye kila namba ya mhimili kabla ya kuiandika. Kanuni yenyewe ni hii:

(h - 6) % 12 or 12

Alama ya % hapo ni baki la kugawanya. Chukua 22, toa 6, inabaki 16; gawanya kwa 12, baki ni 4: saa 4 usiku. Chukua 6, toa 6, unapata sifuri, na kwa kuwa saa sifuri hatuna, kile kipande cha mwisho kinaigeuza kuwa 12: saa 12 asubuhi. Usiku wa manane, 0 ukitoa 6 ni hasi 6, na Python hulichukulia baki la hasi 6 kuwa 6. Saa 6 usiku, sawasawa. Lakini usiinakili kanuni hiyo kwenye JavaScript ukidhani ndugu ni ndugu: huko baki la hasi hubaki hasi, na grafu yako itamtangazia msomaji saa hasi 6.

Jirani wa mpwa wangu alivua dagaa miaka mingi, tangu enzi za karabai kabla ya taa za sola. Tulimwita aitazame ile grafu. Mhimili wa kwanza, ule wa 22:00, nadhani angeutazama kwa heshima tu. Huu mpya, wa saa zetu, aliusoma kwa kidole: saa 4, saa 8, saa 11 alfajiri, akitikisa kichwa kukubali. Kisha kidole kikakwama kwenye nukta tatu zilizokuwa chini kabisa, peke yao.

"Hawa walirudi mapema na ndoo tupu. Tarehe ngapi?"

Mpwa wangu akamtajia.

"Usinitajie tarehe, baba. Mwezi ulikuwaje?"

Mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawaifuati taa. Wavuvi wengi hulaza mitumbwi na kungoja giza. Mpwa wangu alivuta kiti, akaongeza safu mpya kwenye jedwali, akaanza kuhesabu siku toka mwezi mwandamo. Kwenye mhimili mpya aliweka alama tatu: siku ya 1, ya 15 na ya 29. Kwenye ile ya katikati aliandika "mwezi mpevu". Zile za pembeni alitaka kuzipa namba tu, mzee akamwambia aandike "giza".