Mnara wa Lugha: Somo kutoka Paarl kwa Watoto wa Kisugu

Je, lugha inaweza kujengewa mnara? Hapa Kampala tumezoea minara ya mambo mengine, kama Mnara wa Uhuru wa mwaka 1962. Afrika ya Kusini, hata hivyo, ina mnara wa lugha. Uko mlimani juu ya mji wa Paarl, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka Cape Town, na ulijengwa kwa heshima ya Kiafrikaans. Makala haya yanaeleza maana ya mnara huo na kwa nini unatuhusu sisi walimu wa Kiswahili nchini Uganda.

Mwaka 1875 watu wachache waliunda chama mjini Paarl ili Kiafrikaans kitambuliwe kuwa lugha kamili, si Kiholanzi kilichoharibika. Miaka 100 baadaye, tarehe 10 Oktoba 1975, mnara ukazinduliwa. Msanifu wake alikuwa Jan van Wijk, na nguzo yake kuu ina urefu wa mita 57.

Mwalimu mwenzetu mmoja, mkazi wa Kisugu, alifika huko na mkewe na watoto wao wawili walipomtembelea shangazi ya watoto anayefanya kazi Cape Town. Walibeba chakula, wakaketi kulitazama bonde na mashamba ya mizabibu. Kisha baba akawaeleza watoto: nguzo hizi tatu ni lugha za Ulaya, kuba hizi tatu ni Afrika, ukuta huu ni Kimalei, lugha ya watumwa walioletwa kutoka Asia. Vyote vinakutana pale inapoinuka nguzo kuu.

"Taata, kwani lugha moja ina wazazi wangapi?" mdogo akauliza.

"Wengi, mwanangu. Hata Kiswahili."

Yako mambo ambayo nguzo hizo hazisimulii. Waislamu wa Cape walikiandika Kiafrikaans kwa hati za Kiarabu, kama wazee wetu wa pwani walivyokiandika Kiswahili. Kitabu chao kimoja cha dini, cha Abu Bakr Effendi, kilichapwa Istanbul mwaka 1877. Tena, tarehe 16 Juni 1976, mwaka mmoja haujapita tangu uzinduzi, wanafunzi wa Soweto waliandamana kupinga kulazimishwa kusoma masomo yao kwa Kiafrikaans, wakapigwa risasi. Lugha iliyotukuzwa mlimani ilikuwa imegeuzwa fimbo darasani.

Hapo ndipo panapotugusa. Mwaka 1973 serikali ya Idi Amin ilikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa kwa amri, na wengi wakaendelea kukiona kuwa lugha ya askari. Mwaka 2005 Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Amri inaweza kumfikisha mtoto darasani, lakini haiwezi kumfanya aipende lugha. Kazi hiyo ni yetu.

Tunapendekeza zoezi moja. Mwombe kila mwanafunzi achore mnara wa Kiswahili. Nguzo kuu iwe ya Kibantu: mtu, maji, nyumba, kumi. Mtoto wa Kisugu ataona mara moja kwamba nyumbani husema omuntu, amazzi, ennyumba, ekkumi. Ukuta wa Kiarabu uwe na kitabu, saa, sukari na sabuni. Naye anavyo ekitabo, essaawa, ssukaali na ssabbuuni. Pembeni aweke meza ya Wareno, shule ya Wajerumani na baiskeli ya Waingereza. Kazi hiyo aipeleke nyumbani, wazazi waongeze maneno yao, hata kama lugha ya nyumbani ni Kiluo au Lingala.

Akimaliza, atagundua kwamba sehemu kubwa ya mawe ya mnara huo tayari yamo mdomoni mwake. Mwanafunzi aliyegundua hivyo hahitaji kulazimishwa. Anahitaji mwalimu wa kumsaidia kujenga.