Mgonjwa wa skizofrenia na kazi za mikono: je, inafaa?

Skizofrenia ni maradhi ya ubongo. Mgonjwa husikia sauti zisizokuwepo, huwashuku watu wa nyumbani, hujitenga. Tunasisitiza kuwa ni maradhi, maana pwani ya Mtwara, kutoka Mikindani hadi Msimbati, kama huku kwetu visiwani, jini hutafutwa kwanza na hospitali huja mwisho. Ruqya haikatazwi, lakini Mtume (s.a.w.) ametuamrisha pia kujitibu.

Sanaa inaingia wapi? Dawa hupunguza zile sauti. Upweke na uzito wa kuanza jambo mara nyingi hubaki. Hapo ndipo kusuka ukili, kuchora au kupiga dufu na wenzake kunapoweza kumrudisha mtu kwa watu. Wala si jambo geni kwetu: hospitali ya Sultani Bayezid II mjini Edirne, Uturuki, iliyokamilika mwaka 1488, iliwatuliza wagonjwa wa akili kwa muziki.

Mtwara ni nchi ya vinyago vya Wamakonde, basi swali haliepukiki: achonge? Wanazuoni wengi wamekataza masanamu ya vyenye roho. Achonge maua ya milango, au asuke mkeka. Vidonge asiviache, hata akionekana amepona, mpaka daktari aseme.

Wallahu a'lam.